Spika ya Nyuma Kushoto

Fundi redio wa hapa Vingunguti akiyeyusha risasi ya kuchomea waya, moshi wake mkali hunirudisha sebuleni kwetu Temeke, nikiwa binti mdogo miguuni pa baba.

Baba alipenda roki ya vinanda vya umeme, albamu ndefu ambazo majirani waliziita muziki wa majini. Alifunga spika kila kona, ili sauti itoke mbele, itambae ukutani na kutuzunguka kama nyuki.

Jumapili moja baada ya ibada, albamu ikicheza, aliinuka ghafla. "Spika ya nyuma kushoto imekufa." Akakata waya, akauchomea upya, akasikiliza. Akaifungua spika yenyewe, jasho likimtiririka.

"Baba, mbona inalia?" nikamwambia.

"Hailii."

"Inalia, baba. Mie naisikia."

Alinitazama. Kisha akageuza kiti, akakaa akiutazama ukuta wa nyuma. Kwake spika ile ikafufuka, na ya upande wa pili ikafa. Akashika sikio lake la kushoto.

Hospitali walisema hilo limekwisha, na la kulia litafuata. Likafuata. Ikafika wakati nikimwamkia shikamoo, anasoma midomo yangu.

Siku moja aliniomba nimwekee albamu yake. Nikaiweka, nikaongeza sauti hadi mwisho. Vioo vya madirisha vikatetemeka, majirani wakaja kugonga mlango kwa hasira. Baba alikuwa amekaa katikati ya spika zote, amefumba macho, anasubiri.

"Washa basi, mwanangu," akasema.