Nilichungulia Majibu ya Mguu wa Mwenzangu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na nimeikumbuka kwa sababu ya hiyo fomu ya kliniki uliyoiacha mezani. Siku hiyo niliibia mtihani, mtu mzima mimi, tena hospitalini. Usicheke kwanza.

Enzi hizo magari yalisubiri kivuko pale Kigongo, nami nilikuwa binti mwenye mbio, nauzia abiria mayai ya kuchemsha madirishani. Nilikula kwa kukimbia. Basi kano ya nyuma ya kisigino, ule mshipa mnene, ikavimba. Mzee mmoja wa mazoezi ya viungo pale hospitalini Mwanza akanipa mazoezi, akanikataza mbio. Siku ya kurudi kwake akanipa karatasi ya maswali, nijaze mwenyewe.

Nilichanganyikiwa! Asubuhi kisigino kinakakamaa kwa dakika ngapi? Nani anaamka akitazama saa? Jipe sifuri hadi kumi. Sasa kumi ni maumivu au ni uzima? Kila nikirudia kusoma, nilizidi kupotea. Mimi karatasi ya maswali niliijua ya shule tu, na asiyejua majibu anafeli. Nikaogopa kufeli, ninyimwe ruhusa ya kurudi kazini. Pembeni yangu kwenye benchi mwalimu mmoja alikuwa akijaza yake bila kusita. Nikachungulia. Kumi, tisa, kumi. Nikanakili zote.

Mzee akajumlisha, akafurahi, akaniruhusu kuanza mbio taratibu. Kesho yake nikalifukuzia basi la Geita. Nikahisi nimepigwa teke kwa nyuma. Nikageuka, hapakuwa na mtu. Kano ilikuwa imekatika.

Nilirudi kwake na plasta ngumu mguuni, nikaungama.

"Binti," akasema, wala hakupandisha sauti, "yule mwalimu alishapona, alikuja kuniaga. Nimekuuliza mguu wako, umenijibu wa kwake. Si ungesema hujaelewa, tukasoma wote?"

Nililia kwa aibu. Mbio zangu ziliishia pale, na ngazi za hapa kwetu Kiseke hadi leo nazipanda kwa mguu mmoja.

Sasa fomu yako nimeiona, kumi tupu, eti Jumamosi ucheze mpira. Na asubuhi nakuona unavyoshuka ukishika ukuta. Kalamu hiyo hapo. Futa, andika mguu wako ulivyo, na usipoelewa swali, uliza bila haya. Mungu akujalie ulimi wa kweli, mwanangu, na akupe visigino vya kukufikisha uzee wangu ukitembea.