Majina Juu ya Jiwe la Volkano

Kambere alitoka Butembo kijana, akitaka kuuza maharagwe, lakini kazi iliyomkalisha Goma ni kuchimba makaburi karibu na Munigi. Udongo wa huko haufiki shubiri moja. Chini yake ni mwamba mtupu. Kaburi moja lilimchukua siku mbili kwa mtalimbo na nyundo, ndiyo maana hakulisahau hata moja. Misalaba ya mbao ilikuwa ikiibwa kwa kuni, hivyo waliopotewa na kaburi walimwendea yeye.

Mwezi wa tano mwaka 2021 volkano ililipuka. Moto wa mawe yaliyoyeyuka ulishuka ukafunika nusu ya makaburi, kisha ukaganda kuwa jiwe. Kambere aliutazama uwanja ule mweusi akajiona hana kazi tena: wafu wake wamezikwa mara ya pili, na si kwa mkono wake.

Mwaka ulipita. Asubuhi moja akafika Léoncie, muuza jibini kutoka Masisi, akitafuta alipolala mama yake. Majirani walikuwa wamemwambia asijisumbue. Kambere alimkumbuka marehemu, kwani kaburi lake lilimvunjia mtalimbo. Pembe ya ukuta wa makaburi, upande wa barabara, ilikuwa imesalia. Akaanzia hapo, akahesabu hatua, akapanda juu ya jiwe, akasita, akarudi nyuma kidogo.

"Ni hapa, mama," alisema. "Lakini sitakudanganya. Naweza kukosa hatua moja ao mbili."

Léoncie alivua viatu, akaketi juu ya jiwe.

"Hatua mbili si kitu, papa," alisema. "Mwaka muzima nilikuwa namuombea nikisimama barabarani."

Kambere alichukua patasi, akachonga jina la marehemu kwenye jiwe lenyewe: MUKAMAZIMPAKA. Hilo hakuna wa kuliiba akalipikie.

Habari zikaenea, familia zikaanza kuja. Mwanamke mmoja wa kijiji cha Kalengera alimbishia, akisema kaka yake alizikwa upande wa pili. Walipima upya pamoja, na Kambere akakiri kwamba mwanamke yule ndiye aliyesema kweli.

Leo majina yamefika sitini na matatu. Magoti yanamsumbua, ila kila Jumamosi amechuchumaa pale na patasi yake. Zamani watu walimkwepa, maana nani anapenda kukutana na mchimba kaburi? Siku hizi wanasimama kumsalimu, na wengine wanamletea chai.