Kamba Chafu za Mama

Mama yangu hajawahi kunichapa kwa kufeli mtihani. Alinichapa kwa kuacha sufuria ina ukoko. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye niliyemwendea nikiwa mtu mzima, nina digrii moja na naitafuta ya pili, nikamwomba nusu ya shamba lake la mwani ili nilichafue.

Sikulisema hivyo, bila shaka. Nilisema kwa adabu, baada ya chai, kwamba utafiti wangu unahusu tope na ukoga unaong'ang'ania mwani. Wanawake wa kwetu, upande wa ghuba ya Chole, kila bamvua, maji ya bahari yakitoka mbali kabisa, huteremka kupangusa kamba zao za mwani moja moja, wameinama mpaka viuno vinalia. Mimi nilitaka kupima kama kazi hiyo inaongeza mwani au inaongeza maumivu ya mgongo tu. Nikamweleza mama: kamba hizi tutaziosha, kamba zile hatutazigusa mpaka mavuno, halafu tutapima uzito. Zile zisizoguswa ni za kulinganishia. Bila hizo hakuna jaribio, kuna kilimo tu.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo wataka watu wapite waone shamba langu chafu."

"Si chafu, mama. Ni la kulinganishia."

"Haya. Chafu la kulinganishia."

Akakubali, ila kwa uso wa mtu anayemeza klorokwini.

Bamvua la kwanza baada ya kufunga mbegu za mwani kambani nilichelewa kidogo kuteremka. Nilikuwa nimebeba mizani, kamera, na nimevaa kofia pana iliyowachekesha watu njia nzima. Nilipofika nikakuta kamba zangu za kulinganishia zinang'aa. Hakuna tope, hakuna ukoga, hakuna chochote. Pembeni yake amesimama jirani yetu wa shamba, mama mtu mzima aliyenifundisha juzuu utotoni, kanga kaifunga kiunoni, anatabasamu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuta kamba zako zimejaa tope, nikasema masikini, mikono ya kalamu hii, atamaliza saa ngapi? Nikakusaidia."

Nilitaka kulia. Lakini ningefanyaje? Kwetu mtu akikuoshea shamba humuulizi kwa nini ameliosha. Nikasema ahsante, bibi, Mungu akulipe, na moyoni nikaongeza maneno mengine ambayo siyaandiki.

Tukafunga mbegu upya. Safari hii nikawakusanya kinamama pale mchangani, nikaeleza kwa Kiswahili cha chuo, halafu nikaeleza kwa Kiswahili cha watu. Nikawapa mfano wa wali: ukitaka kujua chumvi inafanya kazi gani, pika vyungu viwili, kimoja tia chumvi, kingine usitie. Walielewa barabara. Waliniuliza maswali mazuri kuliko niliyoulizwa chuoni. "Tumekuelewa, mwanangu, endelea na kazi yako," wakasema wote.

Bamvua lililofuata, kamba zimeoshwa.

"Mimi nilikuwa napita tu," mmoja akaniambia, "mkono ukaenda wenyewe." Mwingine akajitetea kwamba ametoa ule ukoga mbaya peke yake, mzuri ameniachia. Na walikuwa wameshazipa kamba zangu jina: mayatima. Nikajua nimekwisha. Nani, na dini yake na swala zake tano, atampita yatima kila siku asimpanguse uso?

Wema hauozi, ndivyo wanavyosema. Sawa. Lakini utafiti unaoza, na wangu ulikuwa umeshaanza kunuka. Na mimi hasira zangu ziko karibu, nyumbani wananijua. Nilisimama katikati ya maji nikapiga kelele: "Jamani, niachieni tope langu!"

Kisha mmoja akaangua kicheko, wakafuata wengine, wakacheka mpaka wakashikana mabega wasianguke. Siku ya pili maneno yangu yalikuwa yameshafika Kirongwe, kaskazini ya kisiwa, maana shangazi yangu wa huko alinipigia simu asubuhi mapema. "Naambiwa unalilia tope. Una nini, mwanangu? Tukusomee?"

Kilichonifanya niache kukasirika na kuanza kuogopa ni simu nyingine. Msimamizi wangu wa chuo ni mtu mpole, lakini siku hiyo hakuzunguka. Msimu huu ukiisha bila kamba zisizooshwa, akasema, hakuna tasnifu. Na ruhusa yangu ya masomo kazini ilikuwa inakaribia kwisha, haiongezwi. Ningerudi ofisini kama nilivyotoka.

Nikamweleza mama, yuko uani anachagua mchele. Hakuinua kichwa.

"Jana kwenye maulidi hawakunipa upawa," akasema.

Nikakaa chini. Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa, ila kwa asiyejua: kwenye shughuli, upawa wa kupakulia pilau hapewi kila mtu. Anapewa mwanamke ambaye mikono yake watu wanaiamini. Tangu napata akili zangu, upawa huo ulikuwa wa mama. Jana walimwambia kwa upole, "Wewe pumzika leo, shoga, umechoka." Mama hakuwa amechoka. Shamba lake lilikuwa chafu, linaoshwa na majirani.

Niliona aibu, na niliona uchungu. "Basi, mama, tuache," nikasema. "Nitatafuta kitu kingine."

"Kitu gani?"

Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa kwa kuku. "Ukishayavulia nguo maji, yaoge," akasema. "Asiguse mtu tope lako. Nitalilinda mwenyewe."

Basi tukafunga mbegu upya tena, na mambo yakawa hivyo. Kila maji yakitoka, mama alikuwa wa kwanza kuteremka, akasimama mbele ya kamba chafu kama askari wa benki. Lakini alizipa mgongo. Hakuweza kuzitazama! Na mikono ameiingiza kwapani, mmoja huku, mmoja huku, nikamuuliza kwa nini, akajibu, "Siiamini." Jirani yetu alikuja na maneno matamu, akaja na hadithi kwamba usafi ni katika imani, mwisho akaja na mihogo ya kuchemsha apate kusogea karibu. Mama alipokea mihogo, akaila, na hakumpisha.

"Huyu mtoto kamloga mama yake kwa kisomo," nikasikia watu wakisema nyuma yangu, na hata hawakushusha sauti.

Tope likakaa. Ukoga ukaota, ukarefuka, ukawa kama ndevu za maalimu. Usiku nilikuwa nalala vizuri, Mungu anisamehe, wakati mama halali.

Kisha msimamizi wangu akatangaza kwamba anakuja kuona jaribio kwa macho yake. Kosa langu lilikuwa kumwambia mtu mmoja, kwa hiyo niliwaambia wote. Mgeni anatoka bara, anavuka bahari mpaka Kilindoni, anakuja kutazama shamba la mwenzetu, na shamba lile! Kwetu mgeni wa jirani ni mgeni wako, unamfagilia hata uwanja usio wako. Asubuhi tulipoteremka na mgeni wangu, suruali kaikunja na viatu kavibeba mkononi, tuliwakuta kinamama wote wameshafika na matambara, wamewahi maji yanapoanza tu kutoka, na mbele yao mama yangu, mikono ameichomoa kwapani na kuitanua.

"Atakayepita hapa," anasema, "mimi na yeye hatuzikani."

"Shoga, mgeni yule anakuja! Angalau ncha!"

"Hata ncha."

Mgeni akafika katikati yao. Akainama, akashika kamba moja chafu, akainyanyua. Ukoga ukaning'inia, tope likadondoka, na kinamama wakafumba macho. Yeye akachekelea kama kapewa mtoto. "Mama, hizi ni nzuri ajabu," akamwambia mama yangu. "Sijawahi kuona kamba zilizoachwa vizuri namna hii. Hongera sana."

Mama akaitikia ahsante, baba, kwa sauti ndogo. Nilimwona anatafuta pa kuutia uso wake. Katika maisha yake yote ya kusugua, hakuna mgeni kutoka bara aliyewahi kumpongeza.

Tulivuna. Tukakausha kwenye chanja, za huku mbali na za kule, tukapima. Mama alitaka kushuhudia, kwa hiyo alisimama karibu na mizani akitazama kila fungu. Zilizooshwa na zisizooshwa zilikuwa karibu sawa. Nikapima tena. Karibu sawa. Na mimi, nisiseme uongo, nilifurahi, nikaruka kabisa, kwa sababu jibu ambalo hukulitegemea ni tamu kuliko uliloliotea. Kisha nikamwona mama.

"Ina maana nilikuwa naosha bure?" akauliza. "Miaka yote ile?"

Nikakimbilia kusema kwamba huu ni msimu mmoja tu, kwamba maji yalikuwa ya moto mno, kwamba shamba moja halitoshi kusema kitu. Yote kweli. Mama akaitikia, "Ehe," kama unavyomwitikia mtoto anayekueleza ndoto yake, akaenda kuteka maji.

Bamvua lililofuata mbegu mpya zilikuwa zimeshafungwa, jaribio limekwisha, na kinamama wakaniuliza utafiti umesema nini. Nikawaambia ukweli. Wakatazamana.

"Basi mizani yako mbovu," akasema jirani yetu, akainama akaendelea kupangusa, na wengine wakainama naye. Hakuna aliyeniamini hata mmoja, isipokuwa mama, ambaye alikuwa ameiona mizani kwa macho yake.

Na mama naye akainama. Alianzia upande ule uliokuwa mchafu, anapangusa kila fundo, polepole, mahali ambapo kila mtu alikuwa anamwona.

Nikasogea karibu, nikamwambia chini chini, "Mama, si umeona mwenyewe? Unaosha ya nini?"

"Nimeona," akasema, hakuinua kichwa. "Msimu mzima nimekuwa mchafu kwa ajili yako. Sasa niache nioshe."

Nikaiweka kofia yangu begani, nikashika ncha ya pili ya kamba.