Ombi la Ngoma Inayokufa

Siku hizi za wafadhili, kitu kikitaka fedha lazima kwanza kiwe kinakufa. Ndivyo wazee wa kikundi cha mang'oma kule Ngonga walivyoomba: ngoma yetu ya asili inakufa, tusaidieni tuifufue.

Jumamosi mgeni wa wafadhili akaja kukagua, nami, mwandishi wa habari, nikakaa naye kwenye viti vya mbele. Kumbe habari zilishaenea, hata watu wa kijiji cha Busale walikuja. Ngoma zikalia, vumbi likapanda, akina mama wakarusha mitandio pembeni wakaingia uwanjani.

Mgeni akafunika kalamu yake. "Mzee wangu, mbona mgonjwa mwenyewe mzima?"

Mwenyekiti wa kikundi akakuna kidevu, akaninong'oneza, "Ndugu mwandishi, kawaambie wacheze vibaya kidogo."

Nikaenda kumwinamia mpiga ngoma kubwa. Akacheka, mikono haikusimama. "Mwambie aje mwenyewe atuoneshe namna ya kukosea."

Nikampungia mkono mwenyekiti; akaja kweli, amekunja uso. Hakutufikia. Njiani bega moja lilianza, la pili likafuata, koti likaruka.

Fedha hazikutoka. Wa kulaumiwa ni sisi sote, maana hata mimi niliyetumwa kuwazuia sikukirudia kiti changu hadi jua linazama.