Bafle Iliyoungua Katika Kimya

Kuna siku za ujana wangu, mwanangu, ambazo hunirudia kila nikisikia harufu ya waya unaoungua. Ilikuwa Kalemie, kando ya ziwa, wakati wa Zaire, na mimi nilikuwa fundi wa redio mwenye kibanda karibu na njia ya reli. Nilikuwa kijana, nilikuwa na jina mjini, na siku zile niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Usicheke kwanza. Sikiliza.

Papa Kisimba alikuwa mnunuzi wa ndagala, wale samaki wadogo tunaowaanika mchangani. Alikuwa na kamioneti, gari dogo la mizigo, na ndani yake alitaka muziki wa kutetemesha vioo, ili wanawake wa ufukweni wamsikie anakuja kabla hawajamuuzia mtu mwingine. Mimi ndiye niliyemfungia: redio mbele, ampli ya kukuza sauti chini ya kiti, na nyuma ya kiti bafle moja kubwa, spika ya sauti nzito. Ilipolia mara ya kwanza alinipiga bega, nami nikavimba kichwa wiki nzima.

Kisha bafle ikaungua. Nikaweka nyingine, nayo ikaungua. Nikabadilisha fizibo, yaani fyuzi, nikaweka nyaya nene zaidi, nikamgombeza dereva asifungue sauti mpaka mwisho. Akaapa kwamba hajafungua. Nikaweka bafle nyingine tena, ikalia vizuri siku kadhaa, halafu ikarudi kibandani imekufa, waya wake mwembamba uliosokotwa nyuma ya ile karatasi inayotoa sauti umekuwa mweusi tii.

Safari hii Papa Kisimba alikuja mwenyewe, abakosti yake, lile koti la wakubwa wa Zaire, imefungwa mpaka shingoni, na hakunipigia kelele. Hilo ndilo lililoniogopesha. Aliketi juu ya sanduku langu akasema kwa sauti ya chini:

"Fundi, ile bafle inaunguaka siku gani?"

Nikasema sijui.

"Miye najua. Inaunguaka siku mama mukwe anapanda motoka. Siku ingine, hapana. Na muziki haupigwe. Inaungua bila kulia."

Mama mkwe wake nilimjua. Aliitwa Mama Kaite, mjane mwenye shamba la mihogo kwenye njia ya kwenda Bendera, na kamioneti ile ndiyo iliyompeleka na kumrudisha. Kila akisafiri nayo, moshi nyuma ya kiti.

"Weye njo fundi," Papa Kisimba akaendelea. "Ndani ya mashini kuna kosa?"

Hapo, mwanangu, ulimi ulinitangulia. Nilikuwa nimetazama bafle, fizibo na nyaya. Ampli sikuifungua, kwa kuwa ilikuwa inalia vizuri, na kitu kinacholia vizuri nani atakihangaikia? Nikasema, "Miye sioni kosa, Papa." Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichokuja kuchukua, akaondoka.

Jua halijashuka, mtaa mzima ulikuwa unasema: fundi amehakikisha, si mashini, ni mkono wa mtu. Jumapili baada ya misa jamaa wangekaa kikao, na mufumu, mpiga ramli, alikwisha kuitwa ili amtaje mlozi.

Wewe mtoto wa leo huenda hujui kikao kama kile kilikuwa na maana gani. Masika yale yale, ng'ambo ya mto Lukuga, mzee mmoja alikuwa ametajwa. Nilipita pale kesho yake. Nyumba ilikuwa majivu, na kitanda chake cha chuma kimebaki peke yake katikati. Hakuna aliyeniambia mzee yuko wapi, na mimi sikuuliza.

Basi niliogopa pande mbili. Kama Mama Kaite ni mlozi kweli, nimeshika kwa mikono yangu vitu alivyoviroga. Kama siye, basi mdomo wangu ndio unaompeleka kwenye moto. Mimi niliyekuwa nikiwaeleza watu habari za umeme kwa madaha, nilitundika rozari ya marehemu mama yangu kwenye mlango wa kibanda.

Ijumaa asubuhi Mama Kaite alikuja mwenyewe. Mama mfupi, kapu la sombe, majani ya mihogo, mkononi. Nilirudi nyuma nikaangusha kopo la misumari, akaona.

"Hata weye, mutoto wangu?"

Niliinama kuokota misumari.

"Sikuje kulia. Nimekuja kuuliza. Ulitazama fasi yote?"

Ningeweza kusema ndiyo. Badala yake nikamwambia kuna mahali pamoja sikupatazama.

"Basi haukuona kosa kwa sababu haukutazama. Na lile neno lako njo wanataka kuniulia nalo." Alisema bila hasira yoyote, na heri angenikasirikia.

Nikamuuliza, macho chini, akipanda motoka huwa anafanya nini.

"Nifanye nini? Ninakaa, ninashika kapu yangu. Weye unajua desturi yetu, mbele ya mama mukwe muntu hapige miziki ya dunia. Dereva anaondoa sauti, tunakwenda kimya mpaka shamba."

"Anazima redio?"

"Ile taa ndogo nyekundu inabaki inawaka. Sauti tu njo anaondoa."

Alipoondoka nikafikiria ile ampli: inabaki na umeme hata sauti ikiondolewa. Kisha nikachukua vyombo vyangu nikaenda kwa Papa Kisimba. Nilimwomba kamioneti, bafle yoyote nzima, na yeye mwenyewe awepo. Mama Kaite naye akae kanisani na wenzake, mbali na hapo, ili ionekane kama bafle itaungua bila yeye.

"Ukinidanganya," akasema, "utakaa naye ndani ya kikao."

Jaribio tulilifanya mchana ule ule, uani kwake. Nilifunga bafle, nikawasha redio, nikaondoa sauti yote. Nikachukua mkono wake nikauweka juu ya karatasi ya bafle. Hakuna kilicholia. Lakini karatasi ilikuwa imesukumwa mbele na haikurudi, kama mlango ambao mtu ameuegemea kwa ndani. Niliweka kipima umeme kwenye nyaya zake, na mshale ukapanda ukakaa pale pale. Umeme wa batri ulikuwa unaingia ndani ya bafle moja kwa moja, na hapakuwa na muziki.

Tukangoja. Joto lilikuwa kali. Mimi niliomba Mungu iungue, na huku naogopa kuiona ikiungua. Ghafla Papa Kisimba akaondoa mkono wake. Harufu ikaja, kisha moshi mwembamba ukatoka. Akageuka upesi kutazama mlango wa ua, kana kwamba mama mkwe wake angekuwa amesimama pale. Hapakuwa na mtu.

Ndipo nilipofungua ampli. Transista moja ilikuwa imekufa nusu: muziki iliupitisha, ila iliachia na umeme wa batri upite. Muziki ukipigwa, karatasi inacheza, inavuta upepo wa kuupoza ule waya, na safari ya ufukweni ni fupi. Sauti ikiondolewa, karatasi inatulia, na waya unaiva taratibu katika joto lake mwenyewe njia nzima ya Bendera.

"Papa," nikamwambia, "inaungua kwa sababu ya ile heshima munamupa."

Alikaa chini vumbini na abakosti yake. "Na miye nilikuwa tayari nimemutoa mama mukwe kwa kikao," akasema.

Kikao hakikufanyika, na mufumu alirudishwa alikotoka. Papa Kisimba alimpelekea mama mkwe wake kitenge, akapiga magoti nje ya mlango wake kuomba radhi. Mama Kaite alipokea kitenge na alisamehe. Lakini motoka ile hakuipanda tena. Mpaka nilipohama Kalemie nilikuwa nikimwona kwenye njia ya Bendera, kapu kichwani, anatembea kwa mguu, na kamioneti inampita polepole, redio imezimwa kabisa, hata ile taa nyekundu.

Mwanangu, nikuachie maneno machache. Kitu kikiungua tena na tena, usiendelee kubadilisha kilichoungua, tafuta kinachokilisha. Fungua na kile kinacholia vizuri. Na ukiulizwa jambo ambalo hujalitazama lote, sema "bado sijatazama," hata kama anayeuliza ni mkubwa. Woga utakushawishi useme neno fupi ili mtu aondoke. Ataondoka nalo, na hutajua analipeleka kwenye nyumba ya nani. Mimi nililiwahi lile langu likiwa bado njiani, kwa sababu mama mmoja alikuja kuniuliza. Wengine hawapati nafasi ya kuja kuuliza.

Mungu akupe mikono yenye subira na mdomo unaongoja macho. Akupe na mtu wa kukuuliza kama ulitazama fasi yote, na siku hiyo akupe moyo wa kumjibu kweli.