Lango Ndani ya Pazia

Iko siku moja, mwanangu, nikifumba macho tu naiona. Nimesimama nyuma ya pazia la studio yangu pale Mpanda mjini, jua la saa kumi linapenya kwenye kitambaa, na mbele yangu kuna lango la mji ambao haupo tena duniani. Nitakufikisha hapo. Usiniharakishe.

Wewe unanijua kwa hizi nyumba za mabati ya rangi na lile duka karibu na stendi. Shule niliishia darasa la nne. Kusoma nasoma, na kuandika ndiyo huku unakokuona. Lakini nioneshe mtu wa Mpanda aliyeanza na kopo la rangi na brashi, akiandika NYAMA SAFI kwenye mabucha, akafika nilipofika mimi. Nasubiri. Fundi Deo nimejitengeneza kwa mikono hii miwili, na sioni haya kulisema.

Miaka ile ya tisini mtu akitaka picha alikuja kwangu. Studio ilikuwa chumba kimoja, si mbali na stesheni ya reli. Treni ikiingia kutoka Tabora, kuta zinatetemeka na maua ya plastiki yanacheza kwenye chupa. Nilikuwa na koti na tai ya kuazimisha, nikawa na redio kaseti ambayo haiimbi. Ile ilikuwa ya kushika tu. Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao waliipenda sana, anaiweka begani kama mtoto. Watu wa Katumba walikuja familia nzima, wamepaka mafuta mpaka wanang'aa, wanasimama wamenyooka kama wanaapishwa. Nikishapiga, filamu inapanda treni kwenda Tabora kusafishwa, na sisi tunasubiri. Kusubiri picha nako kulikuwa na utamu wake. Nyie hamuujui.

Sasa, studio bila pazia zuri ni chumba tu. Wenzangu walichora minazi na ndege za abiria. Mimi nilitaka kitu cha hapa hapa. Parokiani kulikuwa na picha za kale, zimekuwa rangi ya chai, walizopiga mapadre wa zamani kule upande wa Mamba. Picha zote zilikuwa za kitu kimoja, lango la mji wa mtemi. Nguzo nene za miti kila upande, ukuta wa magogo unaokwenda mpaka nje ya picha, pembe za nyati juu, na chini, kati ya nguzo, magogo manne mazito yamelazwa moja juu ya jingine. Moja ilipigwa kwa mbele, nyingine kwa pembeni, nyingine kwa mbali na ukungu unapita. Nilizitazama mpaka katekista akaniuliza kama nataka kubatizwa upya.

Nikalichora lango lile. Kitambaa alinishonea shangazi yangu Skolastika wa Kasokola, ndiye aliyenilea, akaunganisha mashuka yake ya marekani kwa sindano ya mkono. Lakini hayo madogo. Kazi ilikuwa rangi! Nilichora kila gogo na gome lake. Lilipokauka, upepo ukiingia dirishani pazia linavuta pumzi, na unaapa lango lile linataka kusema neno. Mpanda nzima ikaja kusimama mbele yake. Maharusi, watoto wa kipaimara, wazee wenye bakora, wote wana lango mgongoni.

Na mimi nikasimama hapo pia, na Yustina, ambaye nyie leo mnamwita mama. Alikuwa binti wa Mamba, amekuja kukaa kwa dada yake mjini. Nilimpenda kwa jinsi alivyokuwa hacheki nikijisifu. Wengine wote walicheka. Yeye alinitazama tu, anasubiri nimalize. Tukapiga picha yetu, nikaiweka kwenye bahasha, nikamtuma mshenga wangu Sospeter, fundi baiskeli, aipeleke Mamba pamoja na maneno ya posa. Yustina alilelewa na babu yake, Mzee Kapele, na bila neno la yule mzee hakuna ndoa.

Sospeter alirudi amejaa vumbi, hataki kuketi.

"Wamekubali?" nikamuuliza.

"Walinipa wali na kuku," akasema. "Kuku mzuri."

"Sospeter."

"Sasa ndugu yangu, mzee alipokea maneno vizuri kabisa. Akaomba kuiona picha. Akaisogeza machoni hivi. Halafu akailaza kifudifudi kwenye mkeka, akasema, huyu kijana amemsimamisha mjukuu wangu msibani. Hawezi kumwoa."

"Msibani kivipi? Kuna maiti kwenye picha?"

"Mimi niliangalia, nikaona wewe umenuna. Labda ni hilo."

Yustina alipopata habari alinijia. Hakulia. Alisema, "Babu akisema hapana, mimi siendi kinyume. Mtafute akuambie." Basi, mwanangu, moyo wangu wote ulikuwa umelazwa kifudifudi kwenye mkeka wa Mamba, na mimi sijui nilikosea wapi.

Sikuhitaji kumfuata. Mzee alikuja mwenyewe, amepanda lori la mpunga, juu kabisa ya magunia, na katambuga zake miguuni. Akafika mlangoni kwangu, hakuingia. Alisimama kwenye kizingiti anatazama pazia kwa muda mrefu.

"Shikamoo, babu. Karibu ndani."

"Marahaba. Nitaingiaje? Umefunga."

Nikatazama mlango. Ulikuwa wazi wote.

"Babu, hii ndiyo studio ya Fundi Deo," nikaanza. Nilikuwa na maneno yangu tayari. "Ukitoka hapa mpaka Mwese kule milimani wananijua. Hili pazia hakuna mwingine analo. Nimechora mwenyewe, hakuna aliyenifundisha."

"Magogo yale uliyaona kwenye picha?"

"Niliyaona, babu. Nimeyachora vizuri."

"Umeyachora vizuri sana," akasema. "Ndiyo shida yako."

Akakaa hapo hapo kizingitini, wateja wakawa wanamruka, na akaniambia. Kwa watu wa mji ule, mtemi hakusemwa amekufa. Ilisemwa magogo yameshuka. Siku zote magogo yalining'inizwa juu kwa kamba za magome, na watu wanapita chini yake asubuhi mpaka jioni. Mtemi akiondoka, kamba zinakatwa mchana kweupe, magogo yanaanguka, na hapiti mtu. Anayetaka kutoka atatokea kitobo cha nyuma, amenyamaza. Wazungu wale wa kamera walifika siku za magogo. Wakaliona lango, wakalipenda, wakalipiga kila upande. Aliyekuja kutawala baada ya hapo alihamisha mji. Nguzo zikaliwa na mchwa.

"Hakuna picha ya lango likiwa wazi," akasema. "Hata moja. Anayelikumbuka wazi nimebaki mimi. Na wewe umechukua msiba wetu, umewasimamisha maharusi wa wilaya nzima mbele yake, unawaambia wacheke."

Nilitazama ukutani, kwenye picha za wateja. Wote wale, na tai yangu moja, wanatabasamu mbele ya magogo yaliyoshuka.

"Nifute, babu?"

"Ukifuta utabaki na nini? Fungua."

"Nitafunguaje? Sijui ndani kulikuwa na nini."

Hapo ndipo akavua katambuga zake na kuingia. Akavuta kiti cha wateja, akakigeuza, akakaa ameligeuzia pazia mgongo, akafumba macho. "Chukua brashi," akasema.

Siku zilizofuata ziliyeyuka, siwezi kukuambia zilikuwa ngapi. Nilifunga studio, wateja wakanitukana dirishani. Mzee anasema, mimi nachora. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayetembea polepole ili asimwamshe mtu. Alisema njia ya ndani haikunyooka, ilipinda kushoto kwenye mkwaju. Kulikuwa na vihenge vya nafaka vimevaa kofia za nyasi. Kulikuwa na moshi, lakini moshi wa kupika, mwepesi, si ule wa kuchoma. Yeye alikuwa mdogo, ameshika upindo wa nguo ya mama yake, kwa hiyo lango alilikumbuka kutoka chini, refu kama mawingu. Nikawa nachora nimepiga magoti ili nilione kwa kimo chake. Mchana mwingine sikujua tena kama niko Mpanda. Treni ilipiga honi, na mimi nikajiuliza ni mnyama gani kaingia mjini kwa mtemi.

Tuligombana kwa mbwa tu. Palikuwa na mbwa wa mlinda lango, nami nikamchora amesimama, mkali, meno nje. Mzee akageuka, akafumbua macho.

"Huyu nani?"

"Mbwa, babu."

"Huyo wa bwana kilimo. Wetu alilala. Katikati ya njia, kichwa nje, mkia ndani. Watu wote walimzunguka, hata mtemi. Mlaze."

Nikamlaza. Mzee alimtazama. "Huyo," akasema.

Kazi ilipokwisha akaniagiza niite watu. Akaja Yustina na dada yake, Sospeter na mafuta yake ya cheni mikononi, na shangazi Skolastika kutoka Kasokola, akakaa kwenye kigoda pembeni kama mgeni asiye na uhakika amealikwa. Mzee akamwambia Yustina apite nyuma ya pazia.

"Zamani," akatuambia, "nyuma ya nguzo alikaa mke wa mlinda lango. Ukifika, hutaji jina lako. Unamtaja aliyekulea. Kama anajulikana, unaambiwa, tunamjua, pita."

Akavua katambuga. Akasogea mpaka karibu na mbwa aliyelala, akashika mkono mmoja kwa mwingine, mzee yule na mvi zake zote, na akasema kwa sauti ya mtoto, "Mimi ni wa Nyamizi."

Upepo ukaingia, lango likavuta pumzi. Halafu sauti ya Yustina, nyuma ya pazia. "Tunamjua, babu. Pita."

Mzee alisimama hapo. Akatikisa kichwa taratibu. "Mimi bado kidogo," akasema. "Apite huyu."

Nikasogea. Nikatoa kifua. "Mimi ni Fundi Deo, mwenye studio hii, niliye..."

"Humo ndani hawakujui," mzee akasema, si kwa ukali.

"Yustina ananijua vizuri!"

"Sijui mtu," Yustina akajibu kule nyuma. Sospeter akacheka mpaka akashika ukuta, na alama ya mkono wake ilibaki pale miaka.

Niliona lango, na njia inayopinda. Nilijiona nikiwa na kimo cha mtoto, na upindo wa nguo ulio karibu na mkono wangu nikautambua ni wa nani. Nikasema, "Mimi ni wa Skolastika."

Kwenye kigoda shangazi alivuta khanga akaziba mdomo.

"Tunamjua," ikasema sauti. "Pita."

Nikainua upindo wa pazia nikapita chini. Na hapo ndipo nilipo kila nikifumba macho. Jua lilikuwa linatokea upande wa mbele, kitambaa chote kinawaka, na mimi niliona lango kwa ndani. Rangi zangu kwa huku zilikuwa vivuli tu. Kilichoonekana wazi, kuanzia juu mpaka chini, ni mishono ya shangazi. Midogo, sawasawa, inapita katikati ya nguzo, ya mkwaju, ya mbwa. Mishono ile ndiyo iliyoshika mji wote usianguke. Na Yustina amesimama hapo, pua yake ina rangi ya moshi, anacheka. Kwa mara ya kwanza, anacheka.

Tulifunga ndoa baada ya mavuno. Maharusi wengi walirudi kupigwa upya, na wengine hawakujua kwa nini nawaita. Mzee Kapele alipita mwaka uliofuata. Tulitandika pazia lile juu ya jeneza lake mpaka kaburini, lango likiwa wazi.

Sasa nikuambie, mwanangu. Mimi bado najisifu na nitakufa najisifu. Wewe nawe jisifu, kama umefanya kazi. Lakini ukikuta picha ya zamani, usikimbilie kusema umeuona mji. Mtafute aliyepita pale, angali hai, umwulize siku ile kulikuwa na nini, na umsikilize hata akikugombeza kwa ajili ya mbwa. Na ukifika kwenye mlango wowote, wa kazi, wa uchumba, wa ofisi ya mtu mkubwa, moyoni mwako mtaje kwanza aliyekulea. Jina lako litafuata nyuma, lina miguu yake.

Mungu akulinde uendako. Kila utakapofika ukute magogo yako juu, moshi mwepesi, mbwa amelala, na ndani awepo mtu wa kusema: tunamjua, pita.