Kuona kwa Mama Hillary

Klabu ya watazama ndege ya Kitale ilikuwa na sheria moja ambayo mwenyekiti wake, Mwalimu Walubengo, aliipenda kuliko zote. Ndege akipatikana, hakuna kusogea mpaka kila mtu aseme kwa kinywa chake mwenyewe, "Nimemwona." Sheria nzuri, ya kumfanya mnyonge awe sawa na mkubwa. Ubaya ni kwamba darubini zilikuwa mbili tu, ya Mwalimu na ya Jelimo wa benki, nazo zilitembea kwa vyeo. Zilianzia kwa wageni, zikaenda kwa wenye magari, zikaja kwa walimu wenzake Mwalimu, na mwisho kabisa zikamfikia Phelista Nakhungu, ambaye klabu nzima ilimwita Mama Hillary na ambaye ndiye aliyebeba chai.

Hakuna aliyempa kazi ya chai. Siku ya kwanza alifika na chupa ya chai na viazi vitamu vya kuchemsha kwa adabu zake tu, maana haendi kwa watu mikono mitupu. Safari iliyofuata wakamuuliza chai iko wapi, na mambo yakawa yameisha hapo.

Alikuwa mjane wa Kanduyi, mpishi wa shule aliyestaafu. Alikuwa amechoka. Kila Jumamosi yake ilikuwa matanga au mchango wa harusi au kikao cha kutuliza nyumba ya mtu, na alitamani kitu kimoja duniani ambacho si shida ya mtu yeyote. Kanisani lilipotolewa tangazo kwamba kuna watu Kitale wanatembea msituni kutazama ndege, alicheka kama waumini wengine. Mwezi huohuo akapanda gari, akaenda.

Na alipenda, hilo lisemwe. Alipenda umande, alipenda watu wazima wanavyonong'ona na kunyata mithili ya wezi wa kuku. Lakini darubini ilipomfikia, ndege alikuwa ameshaenda zake. Phelista aliona tawi likitikisika, au jani, au ukungu mtupu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwonyesha kile kigurudumu cha katikati kinazungushwaje. Nyuma yake watu walikuwa wamesimama, wamekunja mikono, wanaangalia saa.

"Umemwona, Mama?" Mwalimu aliuliza.

"Nimemwona."

Msafara ukaendelea. Alisema hivyo miaka na miaka. Hakuuona huo kuwa uongo; aliuona kuwa ni adabu, ileile inayomfanya mtu aliyekaribishwa chakula kidogo aseme ameshiba.

Kisha walikuja wageni wa shirika fulani lililotaka kuchapisha kalenda, na mpiga picha wao akamtaka mama wa kienyeji mwenye leso. Wakamtundikia Phelista darubini mpya shingoni, wakamsimamisha mbele ya mti. Akaiinua machoni. Giza. Akadhani ni macho yake, maana umri nao ulikuwa umeanza kumdai. "Umemwona?" wakamuuliza, kamera ikilia. Akatabasamu, akasema amemwona.

Kalenda ilipotoka, Jelimo ndiye aliyegundua. Darubini ilikuwa na vifuniko vyake vyote viwili, vyeusi tii, na nyuma yake Mama Hillary anachekelea kwa furaha ya aliyeona mbingu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Phelista naye alicheka, angefanya nini? Tangu siku hiyo klabu ikapata msemo wake: ukidai umeona kitu ambacho wenzako hawakukiona, basi huko ni kuona kwa Mama Hillary. Aliusikia kila safari. Aliuzoea jinsi mtu anavyozoea kiatu kinachombana, na kila akifika nyumbani kilikuwa kimemchubua.

Mwezi wa kwanza, wakati wa kiangazi, alikwenda Bokoli, huko Bungoma, nyumbani kwa marehemu mumewe kumjulia hali shemeji yake, Nyongesa. Asubuhi alishuka kwenye bwawa la matete lililo chini ya shamba, akasikia mlio aliokuwa akiusikia tangu utotoni bila kuujali. Akasimama. Katikati ya matete palikuwa na korongo wa taji amelala juu ya kiota, taji lake la dhahabu likichungulia. Phelista hakuwa na darubini. Alikuwa na macho yake tu, na muda, na hakuna mtu aliyesimama nyuma yake. Korongo wa pili akatua, yule wa kwanza akainuka, na hapo akayaona mayai kabla wa pili hajayafunika. Wale wawili walibadilishana zamu taratibu, bila haraka.

Alilia kidogo, peke yake, kisha akajicheka. Yule alikuwa ndege wake wa kwanza.

Nyongesa alipoambiwa alikuna kidevu. Alikuwa anataka kuchoma yale matete apande nduma, na vijana wa kazi alishawaambia Jumatatu.

"Shemeji, hao ndege ndio wananifukulia mahindi kila mwaka," alisema. "Lakini si ati mimi ni mtu mbaya. Wewe leta hao watu wako. Nikiona mwalimu mzima ametoka Kitale juu ya mayai ya ndege, nitajua ni kitu ya maana, hiyo kona nitaacha mpaka wazae. Lakini waje wenyewe. Wewe ni mtu wa nyumba hii, ukiniambia peke yako watu watasema mama amenishika masikio."

"Watakuja," alisema Phelista. "Hao ndio watu wa ndege."

Hakutaka kusema kwa simu. Alikwenda Kitale siku iliyofuata, akawakuta Mwalimu na Jelimo na wengine wachache katika ukumbi wa kanisa wakipanga safari ya Jumamosi. Kalenda ilikuwa ukutani. Alieleza yote: bwawa, kiota, zamu, maneno ya shemeji yake, Jumatatu. Alisema haraka mno, alijisikia mwenyewe anavyosema haraka.

"Ulitumia darubini gani?" Mwalimu aliuliza.

"Macho yangu, Mwalimu."

Watu wakauma midomo kuzuia kicheko. Jelimo akashindwa. "Si basi hiyo ni kuona kwa Mama Hillary, bana," akasema, na ukumbi ukaachia kicheko. Phelista akatoa simu yake, akawaonyesha picha aliyopiga. Ilipita mkono kwa mkono. Matete, na katikati doa moja la kijivu. Mtu akauliza kama huyo ni mbuzi.

Mwalimu hakuwa mtu katili. Alingoja wamalize kucheka, akasema kwa upole, "Mama, Jumamosi tuna wageni, tunawapeleka hifadhi ya Saiwa. Bungoma tumeiweka mwezi ujao. Tutapita huko kwenu tuangalie."

"Mwezi ujao mayai hayatakuwepo."

"Kama yapo," alisema Mwalimu.

Phelista aliondoka na maneno hayo mawili. Njia nzima aliwachukia, na hilo lingekuwa rahisi kulibeba kama angeweza kuwachukia wao peke yao. Alijichukia yeye zaidi. Kila "nimemwona" aliyoitoa ili wenye haraka wasichelewe, leo ilimgeukia. Alikuwa amewarahisishia safari zao zote, na siku alipohitaji wamwamini mara moja tu, hakuwa na neno la kuwapa ambalo hakuwa amelichakaza.

Phelista hakuthubutu kumwambia Nyongesa kwamba hawaji. Jumamosi Nyongesa alivaa koti, akakaa nje akiangalia barabara. Alikaa mpaka jua likapungua nguvu. "Hao watu wako wako wapi, shemeji?" akauliza, na hakuuliza kwa dhihaka, jambo lililomuumiza Phelista zaidi. Jumatatu vijana walikuja na mapanga na kiberiti. Alimwomba tena Nyongesa, na Nyongesa akatazama chini, akasema watu walishaona amengoja, sasa akiacha ataonekana mjinga. Moto uliingia kwenye matete kwa kelele. Korongo mmoja aliruka mapema. Yule aliyekuwa kwenye kiota alikaa mpaka moshi ukamfunika, na Phelista alidhani hatatoka. Alitoka mwishowe, akazunguka juu akilia, na vijana wakamrushia maneno ya kumtania.

Klabu ilikuja mwezi uliofuata, kama ilivyopangwa. Waliegesha magari kwa Nyongesa, wakashuka kwenye bwawa, na kabla hata hawajafika chini Jelimo akashika mkono wa mwenzake. Korongo wawili wa taji walikuwa wanatembea katika majivu, mchana kweupe, karibu kabisa. Watu walifurahi kupita kiasi. Kamera zililia. Mtu alisema hajawahi kuwaona wametulia namna hii, hawana hata woga.

"Mama Hillary alisema kweli, bwana," Mwalimu alisema, na uso wake ulijaa fadhila. "Leo yeye ndiye wa kwanza." Akavua darubini yake, akamvika shingoni, akamwonyesha kigurudumu, akatoa vifuniko kwa vidole vyake mwenyewe huku wengine wakitabasamu.

Phelista aliinua darubini, akazungusha kile kigurudumu. Kila kitu kikaja wazi kwa namna ambayo hakuwahi kuijua, unyoya mmoja mmoja, jicho, wekundu wa kidevuni. Korongo alikuwa anapitisha mdomo katika majivu, anageuza kijiti, anasogea hatua, anageuza kingine, anarudi palepale alipoanzia. Mwenzake alisimama kando, akingoja zamu.

"Umemwona, Mama?"

"Bado."

Wakangoja. Jelimo akauliza kwa sauti ya chini kama kuna chai. Phelista akasema hakubeba.

"Yule pale, mbele yako kabisa," Mwalimu alisema. "Anatembea."

"Anafanya nini?"

"Anatafuta chakula, nafikiri. Ngoja." Mwalimu aliazima darubini ya Jelimo, akatazama, akatazama tena. Alichelewa kuishusha. Alipoishusha hakumwangalia mtu yeyote, aliangalia pale mahali ambapo majivu yalikuwa meusi zaidi, yamejikusanya duara, ukubwa wa kiota.

"Mwalimu," Phelista alisema bila kutoa darubini machoni, "anatafuta nini?"

Jua lilikuwa limeanza kuchoma, vumbi la majivu liliwaingia wageni puani, na mmoja akaanza kurudi garini. Mwalimu akamwambia, kwa unyonge, asubiri kidogo.

"Mama Hillary, tafadhali," alisema. "Sema tu umemwona, twende."

"Sheria ni yako, Mwalimu. Mtu asiposema hatuondoki." Akazungusha kigurudumu kidogo, kama aliyezaliwa nacho. "Mimi bado sijamwona."